Kurasa Nne za Manufaa

Mabaraza yanayogawa fedha za umma kwa vyuo vikuu vya Uingereza yalipotaka kujua utafiti umewafaa nini watu walio nje ya vyuo, yalizaa utanzu mpya wa nathari. Kwa tathmini ya mwaka 2014 iitwayo REF, viliwasilishwa visa 6,975 vya manufaa, vyote vikifinyangwa katika kalibu moja ya kurasa nne na sehemu tano, na asilimia 20 ya alama ikatengewa kipengele hicho.

Tuikague kalibu kwanza, kama tunavyokagua bahari kabla ya shairi. Sehemu ya kwanza ni muhtasari wa maneno 100, nao huanzia mwishoni: msomaji huambiwa nani amefaidika kabla hajajua nini kiligunduliwa. Ya pili, maneno 500, ni utafiti wenyewe. Kisha machapisho yasiyozidi sita. Kisha manufaa, maneno 750. Na mwisho vyanzo vya ushahidi visivyozidi 10. Mgao huu una kauli yake. Manufaa yamepewa nafasi mara moja na nusu ya maarifa yaliyoyazaa, ilhali safari iliyo kati yao, yaani jinsi jambo lilivyotoka maabara likafika wodini au bungeni, haina sehemu yake; imebanwa ndani ya ile ya nne, na mara nyingi hubebwa na viunganishi tu. Mhakiki aliyezoea kuvishuku viunganishi atatua hapo kwa muda mrefu, kwa maana ndipo kipimo kizima kinaponing'inia.

Mimi hunivutia zaidi usarifu wa wakati. Utafiti uliruhusiwa kurudi nyuma hadi 1993. Manufaa yalitakiwa yawe yametokea kati ya Januari 2008 na Julai 2013. Kwa kuachanisha hivyo vipindi viwili, kalibu inakiri kimyakimya kwamba maarifa hutembea polepole, tena kwa kuzunguka. Ukiri mzuri, ila haukupewa nafasi ya kukomaa: kila chuo kilipaswa kuonyesha mchango wake bayana, na hapo mto wa vijito vingi ukasimuliwa na kijito kimoja, kwa sauti ya mto.

Tathmini ya 2021 iliongeza ukurasa wa tano na kuupandisha uzito wa manufaa hadi asilimia 25. Sehemu zilibaki tano.