Nani Aliulizwa, na Kuhusu Siku Ngapi?

Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, watafiti wa Johns Hopkins na wa Muhimbili (MUHAS) waliendesha mradi wa Nguvu kwa wakimbizi wanawake kutoka Kongo waliofanyiwa ukatili na wenza wao. Walitumia dodoso la Hopkins la maswali 25, linalouliza kuhusu usingizi na hamu ya kula, na ndani yake limo swali zito: wazo la kukatisha uhai limekusumbua kiasi gani wiki hii iliyopita? Majibu ni manne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "mno".

Dodoso hilo linafaa sana kujua nani ana dhiki. Lakini asilimia ya wanawake hao wenye wazo hilo si asilimia ya watu wazima wa Kasulu, wala ya kambi, kwa kuwa walichaguliwa wakiwa tayari na dhiki. Anayetaka kiwango cha jamii aanze na orodha ya kaya zote, kisha achague kwa bahati nasibu.

Muda nao hubadilisha tarakimu. Hopkins ni wiki moja. Dodoso la SRQ-20 la WHO ni wiki nne, ndiyo au hapana. Dodoso la PHQ-9 ni wiki mbili, na linachanganya kutamani kufa na kujidhuru katika swali moja, kasoro ambayo mimi siivumilii. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2008 uliuliza maisha yote: 9.2% waliwahi kufikiria kujiua, 2.7% walijaribu. Namba hizi haziwekwi safu moja.

Halafu kuna lugha. Katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, Warundi wataulizwa kwa Kirundi; vijiji vya jirani, kwa Kiha. "Nimechoka na maisha" huenda ni malalamiko ya mgawo wa chakula, huenda ni zaidi. Mdadisi asiyeuliza tena, polepole, hataujua ukweli.

Kikwazo kikubwa ni sheria. Kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu chake cha 226 Januari 2025. Kwetu, mama aliyeketi mkekani, mumewe akiwa mlangoni, atajibu "hapana", nasi tutaandika sifuri.

Na akijibu "ndiyo"? Mdadisi aweke kishikwambi chini, asimwache peke yake. Mshauri wa kumpokea siku hiyohiyo awe amepatikana kabla ya kubisha hodi kaya ya kwanza.