Jirani au Mugenzi: Neno Moja Katika Amri Kuu

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inapotuamuru kumpenda mwenzetu humwita "jirani". Ile ya Kirundi humwita "mugenzi". Sisi wa Magarama, hapa Gitega, tunaosali kwa Kirundi na kusoma kwa Kiswahili, tunayasikia yote mawili, na nionavyo mimi hayabebi mzigo mmoja.

Jirani, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mtu wa mahali. Nyumba yake iko karibu na yangu. Nasikia mtoto wake akilia usiku. Mfasiri hakukosea, kwa kuwa hata neno la Kigiriki linamhusu aliye karibu. Mugenzi lina mzizi mmoja na kitenzi kugenda, yaani kwenda. Kwa asili ni mtu tunayefuatana naye.

Tukisoma Luka 10, mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, naye Yesu anajibu kwa kisa cha njiani, kati ya Yerusalemu na Yeriko. Msamaria hana ua unaopakana na wa yule majeruhi. Ndipo msomaji wa Kiswahili anapojikwaa: mpita njia amekuwaje jirani? Wa Kirundi hajikwai. Hata hivyo sikipi Kirundi ushindi wote. Katika mazungumzo ya kila siku mugenzi ni rafiki, na rafiki huchaguliwa. Jirani hatumchagui (wengine tungewahamisha kama tungeweza).

Suala hili si la kamusi tu. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, kwenye vilima vingi vya nchi hii waliouana walikuwa majirani waliojuana kwa majina. Ukaribu wa nyumba haukuwalinda, ulirahisisha kuwatambua.

Kisha ikaja Buta, mkoani Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia katika seminari ndogo wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu kando na Watutsi kando. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Tumezoea kuwataja kama mfano wa kumpenda jirani, na hapo ndipo naona neno hilo linawapunguza. Vijana wale waliulizwa swali lile lile la mwanasheria, safari hii kwa bunduki: walio wako ni wepi? Wakakataa kulijibu. Vitanda vyao kukaribiana bwenini hakutoshi kueleza kukataa huko. Mugenzi, kwa maana yake ya kufuatana, linakaribia zaidi.

Lakini walionusurika wamesimulia kwamba baadhi yao walikufa wakimwomba Mungu awasamehe wauaji. Katika sala hiyo kumpenda Mungu na kumpenda mtu vimekuwa tendo moja, na anayependwa hakuwa jirani wala mugenzi. Mfasiri atakayeirudia aya hiyo kwa Kiswahili atalazimika kuanzia kwa mtu huyo, ambaye lugha zetu zote mbili zimemwacha nje.