Pongezi kwa Safu Isiyomtegemea Mtu Mmoja

Timu ya mkoa wetu ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988. Hata hivyo, sisi tunaotazama mpira kwenye vibanda umiza vya Lushoto tunajua kazi nzuri tukiiona, na pongezi zangu leo ziende kwa safu ya ushambuliaji ya Yanga ya msimu wa 2023/24.

Fiston Mayele alipotimkia Pyramids ya Misri, baada ya kufunga mabao 17 ya ligi msimu uliotangulia, wengi walidai namba tisa mwingine wa kutupia. Kocha Miguel Gamondi akaja na jibu tofauti: mabao yatoke nyuma ya mshambuliaji. Kumbukeni Novemba 5, 2023, Simba ilipolala 5-1. Kennedy Musonda alifunga moja, Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua kwa penalti. Wafungaji wanne, na watatu kati yao ni viungo! Beki akimfuata Musonda anaacha uwazi, na kiungo ameshaingia. Kuipima safu kwa mabao ya namba tisa peke yake ni kuipunja. Mtazameni pia anayekimbia bila mpira.

Aziz Ki alimaliza na mabao 21, mfungaji bora wa ligi. Ubingwa ukabaki Jangwani, nyumbani kwa Yanga.

Wagosi wetu msimu huohuo walishika nafasi ya nne, wakibebwa na ulinzi mgumu mbele ya kipa Ley Matampi. Viongozi wa Coastal, ukuta mnaujua. Sasa tutafutieni viungo wanaofunga.