Usifute Maandishi ya Fundi

Wafufuaji wengi wa kompyuta kongwe huko Ulaya na Marekani wana lengo moja: mashine irudi ilivyotoka kiwandani. Plastiki iliyogeuka njano hupakwa dawa ya kung'arisha ikawa nyeupe tena, kapasita hubadilishwa zote, kila kibandiko cha nje hubanduliwa. Kwa mashine iliyoishi Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, njia hiyo ni uharibifu. Kompyuta iliyofanya kazi mpakani miaka kumi haikubaki ya kiwanda peke yake. Nusu yake ni kazi ya mafundi, na nusu hiyo haijaandikwa katika kitabu chochote cha maelekezo.

Tuelewane kwanza tunazungumzia mashine gani. Anayetafuta Commodore 64 au ZX Spectrum mkoani Songwe, ulipo mji huo, atachoka bure. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Zuio hilo lililegezwa polepole katika miaka ya 1980, likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya hapo, vikompyuta vile vya nyumbani vilitumia televisheni kama kioo chake, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Nani angenunua? Kwa hiyo kompyuta kongwe ya kwetu ni ya ofisini: kasha zito la bati, prosesa ya 386 au 486, kampuni isiyojulikana, vipuri vya kuokoteza kutoka viwanda mbalimbali vya Asia. Inayochambuliwa hapa ni 386 ya namna hiyo, iliyotumika kwa wakala wa forodha wa Tunduma na kunusurika mizani ya vyuma chakavu.

Kazi ilianza kwa kamera. Kabla vumbi halijafutwa, kila upande ulipigwa picha, kisha ndani, kisha kila waya ulipochomekwa. Chipu nyingi zina tarakimu nne zinazotaja mwaka na wiki ya kutengenezwa, kwa mfano 9231, yaani wiki ya 31 ya mwaka 1992. Namba kubwa kuliko zote za aina hiyo kwenye mazabodi hukwambia kwamba bodi haiwezi kuwa imeundwa kabla ya hapo. Ndani ya mfuniko, kwa kalamu ya wino mzito, mtu alikuwa ameandika: 1001 15 17. Tutayarudia maandishi hayo, kwa sababu ndiyo yaliyoiokoa kazi nzima.

Umeme ulifuata, na hapa haraka huua mashine. Paua saplai za zamani zina kapasita za karatasi kwenye njia ya umeme mkubwa. Ganda lake hupasuka kwa uzee, unyevu ukaingia, na siku ukiwasha baada ya miaka mingi hulipuka kwa moshi unaonuka chumba kizima. Hizo zilitolewa bila mjadala. Kisha paua saplai ikajaribiwa peke yake, nje ya kompyuta, ikiwa imeunganishwa na balbu ya zamani ya nyuzi kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, unaweza kuendelea. Lakini paua saplai ya aina hii haitulii bila mzigo kwenye volti 5, na mzigo rahisi ni balbu ya gari ya volti 12. Katika mji wa malori balbu ya kwanza utakayopewa dukani ni ya volti 24, ambayo itavuta umeme kidogo mno. Omba ya gari dogo.

Ndani ya paua saplai ile kulikuwa na kiraka cha kwanza cha fundi: mahali pa fyuzi pamezungushiwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Huo haukubaki. Ulipigwa picha, ukaandikwa daftarini, ukatiwa kwenye bahasha yenye maelezo, na fyuzi halisi ikarudishwa. Kuheshimu kazi ya fundi hakumaanishi kuichoma nyumba.

Kiraka cha pili ni habari nyingine. Mazabodi za enzi hizo zilikuja na betri ndogo ya nikeli na kadmiamu, volti 3.6, iliyolehemewa moja kwa moja. Kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio wakati umeme umezimwa. Ikizeeka huvuja maji makali ya asili ya magadi, nayo hula njia za shaba, kwa kawaida kuanzia karibu na tundu la kibodi. Fundi wa zamani aliikata betri hiyo, akaleta kijumba cha betri nne za penseli, akakichomeka kwenye pini za betri ya nje, akahamisha jampa inayostahili na kukifunga kando ya kasha kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Alijua alichokuwa akifanya. Aliipa mashine umeme kutoka kwa betri zinazouzwa kila kioski, na akahakikisha mzunguko wa kuchajia hauzigusi, maana betri za penseli hazichajiwi. Kilichobaki kilikuwa kusafisha uvujaji wa mwanzo: siki kidogo kwa mswaki ili kuua magadi, maji safi, spiriti, kisha kukausha kwa siku kadhaa. Njia mbili zilizokatika zilionekana kwa mita na kuunganishwa kwa waya mwembamba. Kijumba cha betri za penseli kipo mahali pake mpaka leo, na ninaona kingeweza kushindana na suluhisho lolote linalouzwa kwa dola.

Sasa tuje kwenye diski. Ilikuwa Seagate ST3144A. BIOS nyingi za 386, yaani programu ya kuiamsha mashine, hazizitambui diski za kizazi hiki zenyewe. Mtu lazima aingize idadi ya silinda, vichwa na sekta. Mipangilio ikipotea, kompyuta husema haina diski, na wengi hudhani diski imekufa, wakaitupa. Hapo ndipo maandishi ya mfunikoni yalipofanya kazi: silinda 1001, vichwa 15, sekta 17. Zidisha, kisha uzidishe kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 130,690,560, ambao ndio ukubwa wa diski hiyo. Betri ya kwanza ilipokufa, ofisi haikusimama. Mtu alifika asubuhi, akasoma mfuniko, akaingiza namba, kazi ikaendelea. Kama mfuniko ungesuguliwa kwanza, ushahidi huo usingekuwepo.

Diski haikuwashwa ndani ya 386. Nakala ilichukuliwa kwanza, na hapa kuna mtego: adapta za USB zinazouzwa madukani hazizielewi diski nyingi za kale zinazofuata utaratibu wa silinda na vichwa. Ilibidi itumike Pentium chakavu yenye tundu halisi la IDE, ikiendeshwa na Linux. Programu ya ddrescue husoma kwanza sehemu nzima, ikiruka zenye kasoro, kisha hurudi kuzisumbua zile ngumu, huku ikiandika ramani ya kilichosomeka na kisichosomeka. Chipu ya BIOS nayo ilinakiliwa. Ile yenye kidirisha cha kioo usiibandue kibandiko chake na kuiacha juani, kwa kuwa mwanga wa jua unaweza kuifuta.

Raha ya uchambuzi ilikuwa kwenye tarehe za mafaili. DOS, mfumo endeshi wa mashine hii, haijui mwaka wowote kabla ya 1980, kwa hiyo saa isiyo na betri huamka ikidai ni tarehe 1 Januari 1980. Mafaili ya wakala huyu yanakwenda kwa tarehe za kawaida, kisha ghafla barua za mizigo zinaandikwa "1980", kisha tarehe zinarudi kuwa sahihi. Pengo hilo ni kipindi cha kusoma mfuniko kila asubuhi, na mwisho wake ni siku ambayo fundi alileta betri za penseli. Hakuna risiti wala jina, ila kazi yake ina tarehe. Mwishoni linatokea kundi jingine la 1980, lakini hili linaanzia tarehe 4 Januari. Hilo si la betri. Ni BIOS iliyovuka kutoka 1999 kwenda 1900, na DOS ikatafsiri hivyo, kama ilivyotokea kwa mashine nyingi za wakati ule. Asiyetofautisha tarehe 1 na tarehe 4 angemlaumu fundi kwa kosa la waliotengeneza BIOS.

Daftari la kazi hii lina picha, nakala ya BIOS, mpangilio wa jampa zote, ramani ya ddrescue na maelezo ya kila kilichotolewa na kilichoachwa. Hayo yanaweza kugawiwa kwa yeyote mwenye bodi kama hii. Nakala ya diski haigawiwi. Ina majina ya wenye mizigo, madeni yao na namba za magari, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haisemi kwamba taarifa za mtu zikizeeka zinakuwa za kila mtu. Imehifadhiwa kwenye diski mbili zilizofungwa kwa nywila. Kioo kizito cha zamani hakikufunguliwa kabisa, kwa sababu ndani yake kuna umeme unaoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Tundu la VGA linakubali kioo bapa cha kisasa, na mashine inaonyesha maandishi yake humo bila tatizo.