Mkono wa Muuguzi: Namna ya Kuutambua Ulio Stadi

Wanafunzi wa uuguzi hufundishana kwa kuigiza: mmoja analala kitandani awe mgonjwa, mwenzake anakuja na kipimo cha presha. Siku hizi maigizo hayo yameingia katika video za kuliwaza ziitwazo ASMR. Muuguzi anamnong'oneza mtazamaji huku akimpima, na watu hulala usingizi kwa kuzisikiliza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walieleza kwamba wanaosisimkwa na video hizo, mapigo ya moyo wao hupungua wanapozitazama. Nalitaja hilo kwa sababu huku Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, bado wapo wanaodhani upole wa muuguzi ni tabia njema tu, jambo la ziada. Upole ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Chukua presha. Mama mtu mzima ametoka Kigwena hadi Rumonge mjini kwa pikipiki, jua kali, amekaa foleni, kisha ameitwa kwa ukali. Ukimfunga mkanda papo hapo, namba utakayoisoma ni ya pikipiki na ya hofu. Muuguzi stadi humwambia, "Karibu mama, kaa upumzike kidogo," akamwacha dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Anapopima hamsemeshi. Mkanda huufunga juu ya ngozi, si juu ya kitenge, tena huchagua unaolingana na mkono, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Hapo tega sikio. Akilegeza vali, upepo utoke taratibu, milimita 2 au 3 za zebaki kwa sekunde, mpaka pigo la kwanza lisikike, kisha mapigo yaendelee hadi kimya. Sauti hizo alizieleza daktari Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905, na njia ya mkato haijapatikana. Upepo ukitoka wote kwa mvumo mmoja, namba imekisiwa. Mimi nikimpima muuguzi, alama nyingi nampa hapa.

Kwa mtoto anayekohoa, ustadi ni subira. Pumzi huhesabiwa dakika 1 nzima, mtoto ametulia mikononi mwa mamake, nguo imeinuliwa kifuani. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, nimonia inashukiwa. Mtoto anayelia hupumua mbio, kwa hiyo muuguzi aliyemliza hana cha kuhesabu. Anayehesabu sekunde 15 akazidisha mara 4 simsifu, hata kama foleni imefika nje, na Burundi foleni za watoto ni ndefu, kwani tangu 2006 matibabu ya walio chini ya miaka 5 ni bure.

Kipindupindu, ambacho hakikomi kurudi katika vijiji vinavyochota maji ya ziwa, kina mtihani wake. Vidole viwili vinabana ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha vinaiachia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo ni dalili ya kukauka vibaya, na huenda mgonjwa anahitaji dripu sasa hivi. Vidole hivyo viwe vimenawa kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60, si kuloweshwa ncha tu. Sindano nayo ikishatumika hairudishiwi kifuniko. Huenda moja kwa moja kwenye boksi lake.

Wala usidanganywe na sauti ya chini peke yake. Wapo wenye maneno ya asali na mkono wa pupa. Aliye mzuri hukuambia atakachofanya kabla hajakugusa, na hukuambia kwa lugha yako: Rumonge ina Kirundi na Kiswahili, na bibi mwenye homa hana nguvu ya kutafsiri maumivu yake.

Nawe ukiketi kwenye kiti hicho, nyamaza, tuliza miguu chini. Namba ikisomwa kabla hujapumzika, omba upimwe tena baada ya dakika chache. Ni haki yako, na muuguzi mzuri hatakasirika.