Fundi wa Hatua

Mtoto akianza kusimama dede, nyumba nzima hushangilia. Hakuna anayeuliza goti limejikunja kiasi gani wala kisigino kimetua wapi. Kutembea tunakuchukulia kama kuota meno: siku yake ikifika, kutakuja. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hakuji hivyo, na wanaomfundisha wamelazimika kuijua hatua kama fundi saa anavyoijua saa, kipande kwa kipande.

Ninaowasifu hapa ni wataalamu wa fiziotherapia wanaotumia Lokomat, roboti ya kutembeza iliyoanzia katika hospitali ya Balgrist jijini Zürich, Uswisi. Mhandisi Gery Colombo na wenzake ndio walioibuni, na mwaka 1996 wakaanzisha kampuni ya Hocoma. Kabla ya hapo, wataalamu wawili au watatu walikaa kando ya mashine ya kutembelea, wakashika miguu ya mgonjwa na kuinyanyua hatua baada ya hatua huku mkanda ukipita. Migongo yao ilichoka kabla ya mgonjwa. Mota nne, mbili za nyonga na mbili za magoti, zikawapokea mzigo huo.

Roboti ya kwanza ilikuwa ya watu wazima. Ya watoto ilifuata katika miaka ya 2000, na miongoni mwa waliotangulia kuitumia ni kituo cha Hospitali ya Watoto ya Zürich kilichopo Affoltern am Albis. Miguu yake ya chuma humfaa mtoto ambaye paja lake lina urefu wa sentimita 21 hivi, yaani mwenye miaka minne au zaidi kidogo.

Kwangu mimi utamu wa kazi hii uko kwenye kufunga. Mtaalamu hupapasa nyonga mpaka aupate mfupa uliochomoza pembeni, kisha hupima kutoka hapo hadi kwenye kiungo cha goti. Bawaba ya chuma lazima ikae sambamba na bawaba ya mwili. Ikipanda au ikishuka kidogo tu, kila hatua itauvuta mguu kule usikotaka kwenda, na ngozi itachubuka. Huja mikanda ya paja na ya muundi, halafu kamba za mpira za kuinua vidole, maana wengi wa watoto hawa hutembea kwa ncha za vidole. Kila mkanda hukazwa, hulegezwa, hukazwa tena. Siku ya kwanza nusu saa huweza kuishia hapo, na mtaalamu mzuri haoni kwamba ameipoteza.

Kisha mtoto hunyanyuliwa kwa kamba kutoka juu, miguu ikaning'inia. Roboti huanza kumtembeza hewani. Mtaalamu hutazama: je, misuli imekakamaa? Miguu inataka kupishana kama mkasi? Akiridhika, humshusha taratibu mpaka nyayo ziguse mkanda wa kutembelea, sehemu ya uzito ikibaki kwenye kamba. Misuli ikikaza ghafla, mashine husimama yenyewe. Lakini jicho lililozoea huliona jambo hilo mapema, usoni.

Kwa mwendo wa kilomita 1.5 kwa saa, nusu saa ni mita 750. Mikono ya watu isingefika huko.

Sasa linakuja gumu. Mtoto ni mjanja. Akigundua kwamba chuma kinatembea kwa niaba yake, hujiachia akawa abiria. Kwa hiyo mtaalamu hupunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo kutoka asilimia 100, hurudisha uzito miguuni, na kumpa mchezo kwenye skrini unaosonga mbele pale tu anapojitahidi. Akipunguza mapema mno, magoti hukunjika. Akichelewa, hakuna anachojifunza mtoto isipokuwa kubebwa. Mama anayemwachia mwanawe mkono aende tata anaujua wasiwasi huo, ila yeye huachia mara moja. Mtaalamu huachia na kushika tena mara nyingi katika kipindi kimoja, huku akimchekesha mtoto.

Tafiti bado hazijaafikiana kwamba roboti inayashinda mazoezi ya kawaida ya muda uleule, wala mimi sishangai. Mashine hiyo ni ghali mno, na jeraha la ubongo hailiponyi. Inachompa mtaalamu ni wingi wa hatua. Thamani ya kila hatua inabaki mikononi mwake. Ndiyo maana picha za matangazo zinazoonyesha chuma peke yake hunichosha.

Kipindi kikiisha, mikanda hufunguliwa na ngozi kukaguliwa. Halafu mtoto hushushwa sakafuni, na kama ana vyuma vyake vya kutembelea hupewa. Kipimo cha maendeleo, kile cha kutembea mita 10 au cha dakika 6, hufanyika hapo, roboti ikiwa imezimwa.