Anza na falka, jina baadaye

Mtu akipewa picha ya meli ya shehena ya zamani, jicho lake hukimbilia jina. Meli hizo ziliuzwa na kuuzwa tena, na kila tajiri mpya akaipa yake jina jipya, kwa hiyo anayeanza na jina huenda akaishia kwenye meli nyingine kabisa. Anza na falka, yaani milango ya sitahani ya kupakilia shehena.

Zihesabu, kisha tazama nyumba ya mabaharia imekaa wapi. Liberty, zilizoundwa Marekani kati ya 1941 na 1945, jumla yake 2,710, zina falka tano: tatu mbele ya nyumba, mbili nyuma yake. Milingoti ni mitatu, nyumba ni moja na dohani imechomoza humo humo, na sitaha haina kipandio toka omo hadi tezi. Ocean 60, walizoundiwa Waingereza huko huko Marekani, hufanana nazo sana, ila nyumba imekatwa mara mbili: daraja la nahodha mbele, dohani nyuma, na falka ya tatu kati yao. Victory za mwaka 1944 na kuendelea zimeinuka kipandio kimoja pale omo.

Hapo umepata aina. Meli yenyewe bado. Kuza picha kwenye ubavu wa omo. Mara nyingi herufi za jina zilichorwa kwa kuchomelea, zikawa kama mshipa wa chuma uliotokeza, halafu zikapakwa rangi. Meli ikiuzwa, jina la zamani lilifunikwa kwa rangi tu na chuma kikabaki. Jua likipiga kwa ubavu, kivuli cha herufi hizo hujitokeza chini ya jina jipya. Kwangu mimi hakuna ushahidi mtamu kuliko huo.

Rangi za dohani hutaja kampuni, lakini usiziamini haraka. Filamu ya othokromati haioni wekundu: mkanda mwekundu hutoka mweusi, na buluu hufifia hadi kukaribia nyeupe. Wangapi wametaja kampuni isiyohusika kwa sababu hiyo!

Majukwaa ya mizinga yakionekana, huenda picha ni ya wakati wa vita. Tarakimu za kina cha maji gubetini nazo ni rula ya bure: zilizoandikwa kwa futi, kila moja ina kimo cha inchi 6. Bendera nne za mwito zikisomeka, kazi imekaribia kwisha, kwani kila meli ina herufi zake, na za Uingereza mara nyingi huanza na G au M. Kinachobaki ni kufungua daftari la Lloyd's Register la miaka hiyo, ulinganishe urefu, mwaka wa kuundwa na majina ya awali.

Usipopata herufi, bendera wala dohani inayosomeka, andika chini ya picha: "Meli aina ya Liberty, jina halijulikani." Usiongeze neno.